Kabla ya Kuipaka Nchi Nzima Rangi Nyekundu

Hotuba kwa waandishi na wahariri wa habari za afya

Mwenyekiti, wahariri, ndugu zangu waandishi wa habari, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie jinsi tunavyofuatilia Ebola inavyosambaa kutoka sehemu moja hadi nyingine. Mimi ni mtu wa takwimu na ramani, si tabibu, kwa hiyo leo hamtasikia mengi kuhusu dalili wala dawa. Nimekuja na ombi moja, na nalisema mapema ili mwenye haraka ya kuwahi taarifa ya habari ya saa saba mchana aondoke nalo: ramani ya Ebola msiisome kama ramani ya mvua. Mvua ikinyesha mahali, kila aliye nje analowa. Ebola haiko hivyo. Inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Kwa hiyo haifuati eneo, inafuata uhusiano: nani alimuuguza nani, nani alimwosha nani, nani alipanda gari moja na nani.

Mnakumbuka mwaka 2014. Ugonjwa uko Guinea, Liberia na Sierra Leone, watalii wanafuta safari zao za Afrika Mashariki kwa sababu magazeti ya kwao yamechora bara zima likiwa na alama ya hatari. Chukueni rula mpime. Monrovia iko karibu zaidi na Madrid kuliko ilivyo na Nairobi, tena muuguzi mmoja aliambukizwa hukohuko Madrid, akiwa kazini. Sikusikia mtu akifuta safari ya Hispania kwa ajili hiyo. Wahariri msinune, najua picha hizo mara nyingi hununuliwa kutoka mashirika ya habari ya nje zikiwa zimeshachorwa. Lakini ukishaichapa, ni yako.

Turudi mwanzo, 1976, maana mambo karibu yote ninayotaka kusema yalikuwapo tangu mlipuko ule wa kwanza. Kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire, kwenye hospitali ya misheni ya Yambuku, watu 318 waliugua na 280 wakafariki. Wachunguzi walizunguka nyumba kwa nyumba katika vijiji vipatavyo 550. Wagonjwa walipatikana katika vijiji 55 tu, wengi wao ndani ya kilomita 70 kutoka Yambuku. Hebu fikirini ramani hiyo: kijiji hiki kina vifo, cha jirani hakina hata kimoja, cha mbele yake kinavyo. Ungekuwa ugonjwa wa hewa au wa mto, usingeruka namna hiyo. Waliougua zaidi walikuwa wanawake wa miaka 15 hadi 29, na hapo ndipo fumbo lilipofunguka. Walikuwa wanahudhuria kliniki ya wajawazito, wanapigwa sindano. Hospitali ilitoa sindano tano kila asubuhi, zikatumika kwa wagonjwa wote wa siku ile bila kuchemshwa ipasavyo. Kilichoviunganisha vile vijiji 55 kilikuwa foleni ya asubuhi.

Mwaka huohuo, upande wa Sudan, katika miji ya Nzara na Maridi, watu 284 waliugua ugonjwa wa namna hiyohiyo na 151 wakafariki. Yeyote mwenye ramani na kalamu angevuta mstari kutoka mji mmoja hadi mwingine akasema ugonjwa umesafiri. Wengi walidhani hivyo. Baadaye maabara zilionyesha kwamba ni virusi vya aina mbili tofauti, milipuko miwili isiyohusiana iliyotokea kwa wakati mmoja. Leo tunaviita virusi vya Zaire na virusi vya Sudan, na tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Chanjo ya Ervebo iliyoidhinishwa mwaka 2019 inakinga aina ya Zaire. Aina ya Sudan, iliyoua watu Gulu mwaka 2000, Mubende mwaka 2022 na Kampala mwaka 2025, chanjo hiyo haiikingi. Kwa hiyo ukiandika "Ebola imeingia" bila kutaja ni aina gani, umemwacha msomaji na nusu ya habari.

Sasa nifafanue jinsi doa moja linavyoingia kwenye ramani. Mgonjwa anafika kituoni, sampuli ya damu inachukuliwa, maabara inathibitisha. Mtu wa takwimu anaweka alama pale ilipo hospitali, au pale mgonjwa alipojiandikisha kuwa anaishi. Alama hiyo inajibu swali la mgonjwa alipatikana wapi. Haijibu swali la aliambukizwa wapi. Kati ya kuambukizwa na kuanza kuugua zinapita siku 2 hadi 21, na ndani ya siku hizo mtu anakuwa ameuza sokoni, amevuka mto, amehudhuria matanga, amelala kwa shangazi. Ndiyo maana kazi yenyewe ya kufuatilia haianzii kwenye kompyuta, inaanzia kwenye mkeka nje ya nyumba ya mgonjwa. Mhoji anakaa na ndugu, mita kadhaa baina yao, na fomu mapajani. Akiuliza "tarehe ngapi?" anaambiwa "siku nyingi kidogo." Basi anauliza kwa njia nyingine: ilikuwa kabla ya soko kubwa au baada yake? Mlikuwa mmeshamzika bibi? Jumapili hiyo alikwenda kanisani au alishalala? Taratibu kalenda inajengeka, na mara nyingi jina la mtu wa nne au wa tano kutajwa ndilo lililokuwa likitafutwa, mtu ambaye mwanzoni familia haikumhesabu kwa sababu alipita tu kutoa pole.

Wapo pia wagonjwa ambao ramani inawahamisha. Mwaka 2014 huko Sierra Leone watu walisafirishwa kwa ambulensi mamia ya kilomita hadi Kailahun na Kenema, kwa sababu vitanda vilikuwa huko. Ukihesabu kwa hospitali, mashariki kunawaka moto na magharibi kumetulia, ilhali magharibi ndiko walikotoka. Mwandishi akipewa takwimu za wilaya, swali lake la kwanza liwe: hii ni wilaya ya kitanda au wilaya ya nyumbani?

Nikae kidogo kwenye ule mlipuko wa Afrika Magharibi, kwa kuwa ndio mkubwa kuliko yote: zaidi ya wagonjwa 28,600 na vifo zaidi ya 11,300. Ulianzia Meliandou, kijiji kidogo cha mkoa wa Guéckédou nchini Guinea, Desemba 2013, kwa mtoto mdogo. Ulitambuliwa kuwa Ebola Machi 2014. Katika miezi hiyo mitatu hakuna aliyekuwa anachora chochote, kwani hakuna aliyeitafuta Ebola upande ule wa bara. Na Guéckédou si pembezoni hata kidogo ukiiangalia kwa macho ya wenyeji. Pale Guinea, Liberia na Sierra Leone zinakutana, na watu wa kabila la Wakissi wanaishi pande zote tatu. Soko ni moja, harusi ni moja, makaburi ya wazee yako ng'ambo ya mpaka. Kwenye ramani za wizara ilikuwa mikoa mitatu ya nchi tatu, kila moja na fomu yake. Kwa virusi palikuwa kitongoji kimoja.

Mwezi Mei, katika kijiji cha Sokoma upande wa Sierra Leone, alizikwa mganga wa kienyeji aliyekuwa akiwatibu wagonjwa waliovuka kutoka Guinea. Alikuwa mtu mwenye heshima, wakaja watu wa vijiji vingi, na wanawake wakauosha mwili wake kama desturi inavyotaka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria baadaye kwamba mazishi yale yalihusishwa na vifo hadi 365. Kwenye ramani, siku ile, Sokoma ni doa moja. Wiki mbili tatu mbele ni madoa yaliyotawanyika kila upande, na asiyejua habari ya mazishi ataona ugonjwa umelipuka kila mahali kwa wakati mmoja na ataanza kusaka chanzo kwenye maji au kwenye nyama.

Nchi zile tatu zilifunga mipaka kati ya Juni na Agosti 2014. Virusi vilikuwa vimeshavuka zamani. Siku hizi tunaweza kusema hivyo kwa uhakika kwa sababu ya vinasaba. Virusi vinapojinakili hukosea hapa na pale, na makosa hayo madogo hurithiwa. Ukisoma vinasaba vya virusi kutoka kwa wagonjwa wengi unaweza kujua nani yuko kwenye mnyororo gani hata kama ndugu wamesahau au wameficha. Watafiti walikusanya vinasaba vya wagonjwa 1,610 wa mlipuko ule, zaidi ya asilimia 5 ya wote waliojulikana, wakajenga upya safari nzima. Kwanza, mlipuko wote ule ulitokana na kuingia mara moja tu kwa binadamu. Baada ya yule wa kwanza, kila mmoja aliupata kwa mwenzake. Pili, virusi vilirukaruka hasa kati ya miji yenye watu wengi iliyo karibukaribu. Tatu, na hili nalipenda kuliko yote, mara nyingi vilipoingia wilaya mpya mnyororo ulikatika wenyewe baada ya watu wachache. Yaani madoa mengi ya ramani ile yalikuwa cheche zilizozimika. Mlipuko ulibebwa na yale machache yasiyozimika, na hayo yalikuwa zaidi mijini.

Lagos ingeweza kuwa mojawapo. Julai 2014 msafiri mgonjwa alishuka kutoka kwenye ndege akitokea Monrovia, katika jiji la mamilioni ya watu. Daktari Ameyo Stella Adadevoh alikataa kumruhusu atoke hospitalini japokuwa shinikizo lilikuwa kubwa, na ugonjwa huo ukamuua yeye mwenyewe. Wafuatiliaji waliorodhesha watu karibu 900 waliotangamana na wagonjwa na wakafanya ziara zipatazo 18,500 za ana kwa ana. Mmoja wa waliokuwa kwenye orodha alitoroka hadi Port Harcourt, akamwambukiza daktari aliyemtibu huko kwa siri, na orodha ya pili ikabidi ianzishwe upya katika jiji jingine. Hesabu ya mwisho ya Nigeria: wagonjwa 20, vifo 8. Kwenye ramani za dunia za wakati ule Nigeria nzima ilipakwa rangi. Habari iliyokuwepo ilikuwa majiji mawili na uzi mmoja kati yake.

Nisogee huku kwetu kwa wanaozungumza Kiswahili. Agosti 2018 Kongo ilitangaza mlipuko Kivu Kaskazini, uliodumu hadi Juni 2020 na kuambukiza watu 3,470, na kati yao 2,287 wakafariki. Mangina, Beni, Butembo, Katwa: majina haya mliyatamka sana. Mjini Beni mwanzoni watoto wengi walikuwa wakiugua, jambo lisilo la kawaida kwa Ebola. Ikaja kubainika kwamba walipelekwa na homa ya malaria kwenye vituo vidogo vya binafsi, wakatoka na Ebola. Yambuku tena, miaka 42 baadaye. Chanjo ilikuwepo safari hii. Ilitolewa kwa kuwazunguka waliotangamana na mgonjwa pamoja na wale waliotangamana na hao, lakini huwezi kumzunguka mtu usiyemjua, na ziko wiki ambazo wagonjwa wengi wapya hawakuwa kwenye orodha yoyote.

Niwape mfano wa Goma. Julai 2019 mchungaji mmoja aliyekuwa akihubiri Butembo alianza kuumwa akiwa hukohuko, kisha akapanda basi kwenda Goma. Basi lilipita kwenye vituo vitatu vya ukaguzi wa afya. Kila kituo abiria waliandika majina, na kwa mujibu wa wizara ya afya ya Kongo yeye aliandika jina tofauti kila mahali. Joto la mwili halikumshtaki. Alipofika Goma alikwenda kituo cha afya, akapimwa, akathibitishwa siku hiyohiyo, tarehe 14. Vyombo vya habari viliandika Ebola imefika jiji la zaidi ya watu milioni moja, mpakani mwa Rwanda, na siku tatu baadaye ikatangazwa dharura ya afya ya kimataifa. Sawa, ilikuwa habari kubwa. Lakini mtu wa ramani alikuwa anatazama vitu viwili vingine: dereva na abiria 18 wa lile basi, ambao walitafutwa na kuchanjwa, na ukweli kwamba maelfu ya wahudumu wa afya wa Goma walikuwa wamechanjwa mapema wakingoja siku kama ile. Goma haikulipuka. Wagonjwa wake walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Mwezi mmoja kabla yake familia moja ilivuka kuingia Kasese, Uganda, ikitoka kumzika babu upande wa Kongo. Hawakupita kituo rasmi cha Mpondwe, walipita njia ya panya, na mtoto wa miaka 5 alikuwa tayari anatapika damu. Kilichosaidia hakikuwa kizuizi cha barabarani. Kilichosaidia ni kwamba maofisa wa Kongo waliwaambia wenzao wa Uganda kwamba familia ile imetoweka na huenda imevuka, na kwamba Uganda ilishawachanja wahudumu wapatao 4,700 kabla hata mgonjwa mmoja hajaingia. Ugonjwa uliishia ndani ya familia ile. Kwa maoni yangu simu ile ina thamani kuliko vipimajoto vyote vya mpaka ule, ingawa vipimajoto ndivyo vinavyopigwa picha.

Sasa nizungumzie sehemu nyeupe za ramani, maana ndizo zinazoninyima usingizi kuliko nyekundu. Nyeupe ina maana mbili: hakuna ugonjwa, au hakuna anayetazama. Huko Butembo na Katwa, mwaka 2019, vituo vya matibabu vilishambuliwa, na mwezi Aprili daktari Richard Mouzoko wa Cameroon akauawa akiwa kazini. Baada ya mashambulizi timu zilisimama, na idadi ya wagonjwa walioripotiwa ikashuka, kisha wiki chache mbele ikapanda kwa kasi. Mwandishi aliyeandika "maambukizi yapungua" katika wiki zile za kushuka hakudanganya kwa makusudi, alichapisha kimya cha wafuatiliaji akidhani ni kimya cha ugonjwa. Mkiona mstari umeshuka ghafla, ulizeni sampuli ngapi zilipimwa wiki ile.

Kuna weupe mwingine wa kawaida zaidi: hakuna ramani yenyewe. Guéckédou mwaka 2014 ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandaoni, mpaka watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walipokaa na picha za setilaiti wakachora maelfu ya majengo na barabara kwa siku chache. Bikoro, huko Kongo, mwaka 2018, mipaka ya kanda za afya kwenye ramani zilizokuwa zikisambazwa haikulingana na hali halisi, na vijiji vilionekana upande usio wao. Unampeleka mtu na chanjo inayotakiwa kukaa kwenye baridi kali, kwa pikipiki, kwenye njia ya matope, halafu kijiji hakipo. Hilo haliandikwi magazetini kwa kuwa halina picha.

Ugonjwa wenyewe unatoka wapi kabla ya kumfikia mtu wa kwanza? Popo wanaokula matunda ndio wanaoshukiwa zaidi, ila virusi hai havijawahi kupatikana kwa popo, na sokwe na nyani wakubwa hufa kwa ugonjwa huu kama sisi. Mwaka 2014 watafiti walichora maeneo ambayo mazingira yake yanaruhusu virusi kuhamia kwa binadamu, wakafikia nchi 22, Tanzania ikiwemo. Tafadhali msiichape ramani hiyo kwa kichwa cha habari kwamba Tanzania ina Ebola. Inaonyesha pale panapostahili kutazamwa, basi.

Na hata chanzo cha porini hakitoshi tena. Februari 2021 wagonjwa walitokea Gouécké, Guinea, mwanzo wa mlipuko wa watu 23. Kila mtu aliwaza popo. Vinasaba viliposomwa, virusi vilikuwa karibu sawasawa na vile vya 2014, kana kwamba havikujinakili kwa miaka yote ile. Maelezo yanayokubalika ni kwamba vilijificha ndani ya mwili wa manusura kwa zaidi ya miaka mitano kisha vikaibuka. Hapo ramani inahitaji kipimo cha pili, cha muda. Lakini hapa naomba kalamu zenu ziende polepole sana. Manusura wengi mno hawajamwambukiza mtu yeyote, na mtu aliyepona akisoma kwamba yeye ni bomu atahama, atabadilisha jina, na hatakuja kliniki kupimwa. Mtakuwa mmetengeneza sehemu nyeupe nyingine.

Nimalizie na tarehe mnazoziuliza sana. Mlipuko hutangazwa kwisha baada ya siku 42, yaani siku 21 mara mbili, tangu mgonjwa wa mwisho apimwe mara mbili akutwe hana virusi au azikwe. Bulape, huko Kasai nchini Kongo, mlipuko ulitangazwa tarehe 4 Septemba 2025 na kufungwa tarehe 1 Desemba, wagonjwa 64, vifo 45 pamoja na wale waliodhaniwa tu. Mkoa huohuo uliwahi kupigwa mwaka 2007 na 2008, kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa kama hawa ni mabaki ya zamani. Vinasaba vilijibu hapana, virusi viliingia upya kutoka porini. Siku 42 zikiwa zinahesabiwa, wahariri huondoa waandishi wao na wafadhili huanza kufunga mikoba, ilhali wafuatiliaji bado wanagonga milango ileile kila asubuhi, safari hii wakiuliza kuhusu kifo chochote kijijini, hata cha mzee aliyefariki kwa uzee, na kukichukulia sampuli. Mkitaka habari ambayo hakuna mwenzenu anayo, ombeni kwenda nao siku ya 30.

Asanteni. Mwenyekiti, kama muda unaruhusu niko tayari kwa maswali, na wa magazeti ya mikoani waanze.